Gari Lililotumika: Tusiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

HAKUNA asiyeona kwamba sura ya Buswelu imebadilika. Mahali palipokuwa mashamba na majabali sasa pana makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, iliyoundwa mwaka 2012, na nyumba za watumishi na wafanyabiashara zinazidi kuongezeka. Pamoja na nyumba hizo yamekuja magari madogo ya familia: Vitz, IST, Passo, Raum na Spacio. Karibu yote yalikwisha kutumika nchini Japani kabla ya kufika kwetu, na mengi yamekwisha kupita mikononi mwa Watanzania wawili au watatu kabla ya kuegeshwa chini ya mwembe na kuandikwa kipande cha karatasi kwenye kioo: "Linauzwa".

Hatuna ugomvi hata kidogo na mwananchi anayetaka gari la namna hiyo. Gari dogo si fahari. Ndilo linalomfikisha mama mjamzito Hospitali ya Bugando usiku wa manane, na ndilo linalompeleka mtoto shuleni siku ya mvua. Wazee wanakumbuka kwamba zamani gari lilikuwa mali ya ofisi ya Serikali au ya shirika la umma, na raia wa kawaida alilijua kwa vumbi lake tu. Bajeti ya mwaka 1984 ilipowafungulia mlango wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje, mambo yalianza kubadilika. Leo mwalimu, muuguzi na mchuuzi wa dagaa wanaweza kuota ndoto ya gari na kuiona ikitimia.

Tunachotaka kukisema leo ni kwamba ndoto hiyo inauzwa gizani. Mnunuzi wa gari lililotumika analipa fedha nyingi kuliko alizopata kulipa kwa kitu kingine chochote isipokuwa nyumba, na bado hana njia ya uhakika ya kujua ananunua nini. Anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Tuanze na mahali gari linapotoka. Japani imekuwa chemchemi ya magari yetu kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Ya pili ni sheria yao ya ukaguzi. Gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo pamoja na matengenezo yanayodaiwa huwafanya wengi waone afadhali kuliuza gari kuliko kuendelea nalo. Kwa maneno mengine, gari tunalolipokea limetoka katika nchi ambayo hali yake ilipimwa na kuandikwa mara kwa mara. Swali la kujiuliza ni hili: habari hizo za gari huishia wapi likishateremka bandarini Dar es Salaam?

Linapoingia, Serikali haikosi kuliangalia. Shirika la Viwango Tanzania lina wajibu wa kuhakikisha limekaguliwa, na Mamlaka ya Mapato hulithamini na kulitoza. Kuhusu umri wa magari, nchi yetu haikufunga mlango kama walivyofanya majirani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, na Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku lililopita miaka 15. Tanzania imechagua kutoza badala ya kukataza, na kwa mnunuzi wa kipato kidogo uchaguzi huo una huruma ndani yake.

Lakini huruma hiyo ina bei, na ni vema mwananchi aijue. Tuchukue gari ambalo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni shilingi 100. Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka kadhaa, ushuru wa forodha ni asilimia 25, nalo linafika shilingi 125. Injini yake ikiwa kati ya sentimita za ujazo 1,001 na 2,000, linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Na likiwa limepita miaka 10, linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Hapo limekaribia shilingi 169. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inalifikisha shilingi 199, kabla ya ada nyingine ndogo na gharama za usajili. Kwa hiyo gari lililothaminiwa shilingi milioni 6 hulipiwa kodi ya karibu milioni 6 nyingine.

Wala gari la namna hiyo si la nadra. IST la toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka 2007, na toleo la pili lilikoma mwaka 2016. Hakuna IST linaloweza kuingia nchini leo bila kuguswa na ushuru wa uchakavu, na mengi yanaangukia kiwango cha juu. Ndiyo sababu wananchi wengi hawaagizi tena, bali hununua lililokwisha kusajiliwa nchini, hapa hapa Mwanza, kutoka kwa jirani au kwa dalali.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Gari likivuka bandari na kupewa namba, jicho la ukaguzi hufumba. Trafiki humsimamisha dereva barabarani, na katika Wiki ya Nenda kwa Usalama magari hukaguliwa na kubandikwa stika. Lakini siku gari la familia linapotoka kwa mwenye nalo wa kwanza kwenda kwa wa pili, na kwa wa pili kwenda kwa wa tatu, hakuna anayelipima. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma kwa kazi ya nusu saa. Kadi inaweza kuwa bado ina jina la mtu wa nne ambaye hajulikani aliko. Faini za barabarani zisizolipwa hufuata namba ya gari na kumngojea mwenye nalo mpya. Bodi iliyonyooshwa baada ya ajali hupakwa rangi ikang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani.

Msiba huo humwangukia vibaya zaidi mtu wa visiwani. Watu wa Sengerema na Geita wanaivuka Ghuba ya Mwanza kwa Daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025. Mtu wa Ukerewe bado hutegemea meli ya Nansio, au huzunguka kwa Bunda hadi Kisorya akavuke kwenda Rugezi. Tumfikirie mwalimu wa Nansio aliyekuja Mwanza kununua gari. Amelijaribu katika lami kwa dakika kumi, amelipa, amevuka nalo. Wiki ya pili injini inachemka. Je, atamrudia muuzaji? Atalazimika kulivusha tena kwa nauli, au kumvusha fundi, au kuagiza spea na kungoja. Kasoro ambayo kwa mkazi wa Buswelu ni hasara ya siku moja, kwa mkazi wa kisiwani ni hasara ya mwezi mzima.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. IST la kwanza lina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, ambayo mafundi wetu wamekwisha kuizoea. Lile la pili linatumia gia boksi ya mkanda wa chuma, ambayo hudai mafuta ya aina yake pekee. Ukiitilia mafuta ya kawaida kwa kuwa ndiyo yaliyopo dukani, umeiua. Kwa hiyo gari jipya zaidi, ambalo ushuru wake wa uchakavu ni mdogo, si lazima liwe ndilo jepesi kulitunza Murutunguru au Ilangala. Sera ya kodi inamsukuma mnunuzi upande mmoja, na hali ya gereji za kisiwani inamvuta upande mwingine. Mtunga sera aliyeko Dodoma anapaswa kulijua hilo.

Tena gari bovu la kisiwani si hatari kwa mwenye nalo peke yake. Gari linaloingia kivukoni husimama juu ya maji katikati ya watu, na linashikwa na breki ya mkono. Watu wa Ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya uzembe majini. Tulizika zaidi ya watu 220 baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Ajali hiyo ilikuwa na sababu zake, wala hatusemi kwamba ilitokana na magari. Tunasema kwamba mahali ambapo kosa dogo huzaa msiba mkubwa, kila chombo kinachopanda kivukoni hakina budi kiwe kizima, na breki ambayo haijulikani hali yake haina nafasi pale.

Watumishi wa umma nao tuwakumbushe. Wengi hununua gari kwa mkopo unaokatwa katika mshahara. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Theluthi hiyo iliwekwa ili aishi, si ili inunue shokapu, matairi na mafuta. Mtumishi anayekopa mpaka ukingoni ili apate gari, kisha akakosa fedha ya kulitengeneza, amejinunulia deni lenye magurudumu. Ushauri wetu ni kwamba mnunuzi asitumie fedha zake zote siku ya kununua. Aweke kando angalau sehemu moja ya tano kwa matengenezo ya mwanzo, kwa maana yatakuja.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mnunuzi na muuzaji, na Serikali haihusiki. Hatukubaliani nao. Serikali inayopata karibu shilingi moja kwa kila shilingi ya thamani ya gari chakavu inahusika sana. Imelitoza gari kwa sababu ya uzee wake. Basi inadaiwa kumsaidia mwananchi ajue uzee huo umelifanya nini. Na uwezo wa kurekebisha mambo upo. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari na kuiingiza katika bei ya mafuta, na usumbufu wa miaka mingi ukaisha kwa bajeti moja.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, karakana ya TEMESA na Chuo cha VETA Mwanza vifungue huduma ya kukagua magari madogo kabla ya kuuzwa, kwa ada ambayo mwananchi anaimudu, na mnunuzi apewe hati iliyotiwa saini na mhuri. Huduma hiyo ifike Nansio kwa siku zinazojulikana. Pili, kila umiliki unapohamishwa, kilomita za gari ziandikwe katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato, ili anayerudisha saa nyuma aumbuliwe na maandishi. Tatu, madalali wa magari watambuliwe na halmashauri, wawe na mahali panapojulikana na watoe stakabadhi. Gharama za haya zinaweza kutoka katika ushuru ule ule wa uchakavu. Kama unatozwa kwa ajili ya usalama na mazingira, ni haki sehemu yake irudi kulinda usalama.

Wakati hayo yanangojewa, mwananchi asikae mikono mitupu. Akalione gari asubuhi, injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Alinganishe namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi. Ahakikishe kwa Mamlaka ya Mapato jina la mwenye gari, na aulize kama lina faini. Aangalie pedali na usukani: gari linalodai kilomita 60,000 huku mpira wa breki umelika mpaka chuma linasema uongo. Alipandishe mlima na kulisimamisha hapo kwa breki ya mkono. Aende na fundi wake mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali. Na akishanunua, ahamishe umiliki katika siku 30 zinazotakiwa, asije akalipa faini za mtu mwingine au akawa na gari lisilo lake.

Juu ya yote, anunue gari la barabara anayoipita. Gari lenye tumbo karibu na ardhi litapendeza kwenye lami, lakini mawe ya Mwanza na makorongo ya Ukerewe baada ya masika hayajali mapambo.

Mwananchi amejinyima miaka mingi ili apate chombo cha kuwabeba watoto wake. Haombi apewe gari bure, wala haombi asamehewe kodi. Anaomba gunia lifunguliwe kabla hajalipa, amwone mbuzi. Hilo ni dai dogo, na viongozi wetu, kuanzia Buswelu mpaka Dodoma, wana uwezo wa kulitimiza.