Programu ya Uhandisi Ikaguliwe Karakanani

Si jambo geni tena hapa Mbagala, kutoka Zakhem hadi Rangi Tatu na Charambe, kumkuta mzazi anayeishi kwa kuuza samaki au kushona nguo huku mwanawe akisomea uhandisi. Mzazi huyo pengine hajapata kulisikia neno ithibati, wala hana sababu ya kulijua. Lakini siku programu anayosoma mwanawe itakapokaguliwa na kuonekana haifai, atalijua kwa uchungu. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na ikasimamisha udahili katika programu 75 za vyuo vingine 22.

Kwa mhandisi jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa fani nyingine nyingi. Tume huidhinisha programu, lakini anayemsajili mtu ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Shahada isiyotambuliwa na Bodi haimfikishi mwenye nayo kwenye usajili, na asiyesajiliwa haruhusiwi na sheria kufanya kazi ya mhandisi. Kijana atakuwa amemaliza miaka minne, anadaiwa na Bodi ya Mikopo, na mkononi ana karatasi.

Ndiyo maana tunasikitishwa na namna ambavyo baadhi ya vyuo hujiandaa kwa ukaguzi. Kila aliyepata kuishi karibu na chuo anaijua desturi hiyo. Wiki tatu kabla ya wageni kufika, kuta zinapakwa rangi. Mashine iliyolala chini ya turubai inafutwa vumbi na kubandikwa lebo mpya. Wahadhiri wanaofundisha vyuo vitatu kwa wakati mmoja wanaandikwa kuwa ni wa hapo hapo. Wanafunzi wanaambiwa la kujibu. Wageni wakiondoka turubai linarudi mahali pake. Huo sio uandaaji, ni kumdanganya mkaguzi, na anayeumia kwa udanganyifu huo hayumo kabisa katika chumba cha mkutano.

Nchi hii haikupata elimu ya uhandisi kwa urahisi. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki vijana wetu waliotaka fani hiyo iliwabidi kwenda Nairobi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi, na tangu siku zile mafunzo ya vitendo viwandani na kwenye miradi yalihesabiwa kuwa ni sehemu ya masomo. Leo shahada hizo zinatolewa pia Mbeya, Dodoma, na katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957. Kuongezeka huko ni jambo la kujivunia. Lakini karakana haiongezeki kwa kasi ya idadi ya wanafunzi, na hapo ndipo penye tatizo.

Chukueni mfano wa zege. Mwanafunzi wa ujenzi hana budi achanganye saruji, mchanga na kokoto kwa mikono yake, ajaze kibao cha mchemraba, auloweke mchemraba huo majini, kisha auvunje kwa mashine na kuandika uzito uliouvunja. Nguvu kamili ya zege husomwa siku ya 28. Haisomwi siku ya pili, hata mkuu wa chuo aamuru. Chuo ambacho wanafunzi themanini huizunguka mashine moja, mmoja akifanya na wengine wakinakili majibu, hakiwezi kuitengeneza kasoro hiyo katika wiki tatu. Na mkaguzi anayeridhika kuiona mashine imesimama, bila ya kumwita mwanafunzi yeyote kutoka mstari wa nyuma aiendeshe mbele yake, naye hakufanya kazi yake. Sisi tulioanzia chuo cha Kurani tunakumbuka kwamba mwalimu hakutazama uzuri wa ubao. Alitwambia tusome, akasikiliza.

Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo likaanguka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba chuo fulani ndicho chenye kosa, la hasha. Tunasema kwamba wakazi wa mji huu wanalala, wanauza na wanapita chini ya kazi za wahandisi, na hawana njia ya kuwapima wahandisi hao ila kwa kupitia ukaguzi huo.

Kwa hiyo tunavitaka vyuo viandike ripoti ya kujitathmini iliyo ya kweli. Mashine iliyoharibika itajwe, pamoja na tarehe iliyoharibika na barua zilizoandikwa kuomba vipuri. Makaratasi ya mitihani yaliyowekwa kwa ajili ya wakaguzi yasiwe ya wanafunzi bora peke yao. Ya wa katikati na ya wa mwisho yawemo, maana hao nao watapewa shahada ile ile. Miradi ya wanafunzi nayo ionekane mitaani. Maji ya masika yanakata njia kati ya nyumba za Mbagala Kuu kila mwaka. Kuna somo gani bora la mifereji kuliko hilo?

Serikali nayo isijitoe. Haifai kudai maabara kamili huku fungu la kuzitengeneza likichelewa. Na makampuni yanayopokea vijana wa mafunzo ya vitendo yaache kuwatuma chai na kuwapangia mafaili, kisha yakalalamika kwamba wahitimu hawajui kazi.

Mwisho, matokeo ya kila ukaguzi yatangazwe kwa Kiswahili, programu kwa programu, kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa, na yabandikwe hata kwenye mbao za matangazo za ofisi za kata. Mzazi wa Charambe ayasome kabla hajauza kiwanja chake kulipa ada.