Miradi ya sayansi yaweza kuwaponza watoto wa Lamu

KATIKA kila alama 100 anazopewa mwanafunzi anapohitimu sekondari msingi, 20 hutokana na kazi aliyoifanya shuleni akiwa gredi ya saba na ya nane. Nyingine 20 hutoka katika tathmini ya gredi ya sita (KPSEA), na 60 zilizosalia ndizo za mtihani wa gredi ya tisa (KJSEA), ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025 na watahiniwa zaidi ya milioni 1.1. Matokeo yalitangazwa Desemba mwaka huo, na Januari 2026 wanafunzi hao wakaanza gredi ya 10, kila mmoja katika mkondo wake.

Hizo 20 za kazi ya shuleni ndizo zinazostahili kuangaliwa kwa makini. Mtihani wa mwisho hufanywa chini ya msimamizi, na karatasi ni moja kutoka Kiunga hadi Kisumu. Tathmini ya shuleni ni jambo jingine kabisa. Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) huweka maagizo katika tovuti yake, mwalimu huyapakua, mwanafunzi huifanya kazi au mradi, kisha mwalimu yule yule hukadiria na kupakia alama tovutini. Na kwa kuwa ujuzi wa kidijitali umo miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao mtaala unakusudia kumjengea mtoto, somo la Sayansi Jumuishi nalo humtaka atafute habari mtandaoni, atazame video, anase picha na kuonyesha matokeo yake kwa njia ya kompyuta.

Si haba. Nani angependa kuona mtoto wa karne hii akikariri sehemu za ua kutoka ubaoni? Hata hivyo, alama zinapotolewa kwa mradi unaotegemea vifaa, ni lazima tuulize alama hizo zinapima kitu gani hasa. Na mahali pazuri pa kuuliza swali hilo ni katika visiwa vya Lamu.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni, lakini wenye kuingia akilini. Wanafunzi wawili wa gredi ya nane wamepewa mradi kuhusu kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Wa kwanza anasoma katika mji mkubwa. Mzazi wake amemnunulia kibao kidogo cha elektroniki chenye kifaa cha kupima kina cha maji. Fundi amekiunganisha, tarakishi imechora grafu ya rangi tatu, na video ya dakika mbili imetiwa muziki. Wa pili yuko Faza, kisiwani Pate. Ameupaka mti alama kila baada ya sentimita kumi, akaukita ufuoni, na kwa muda wa mwezi mwandamo mmoja amekuwa akienda kuusoma na kuandika saa na kimo katika daftari. Simu ya mjomba wake ameitumia kutazama saa na kupiga picha, basi.

Huyu wa pili, kama alikuwa makini, ameona mengi. Ameona kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, na kwamba kila siku huchelewa kwa muda wa karibu dakika 50 kuliko jana. Ameona bamvua ikija baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi kuandama, wakati tofauti ya maji makuu na maji madogo inapofikia mita tatu hivi, na akaona maji mafu yakifuata baada ya juma. Amekosa kusoma usiku mara kadhaa, kwa hivyo daftari lake lina mianya, naye anapaswa kueleza ameizibaje. Ameweza kumwuliza nahodha kwa nini boti zilizotoka Lamu kuelekea Pate zamani zilikuwa zikisubiri maji kabla ya kupita Mkanda, mfereji mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, akalinganisha jibu lake na tarakimu zake mwenyewe. Hiyo ndiyo sayansi, tangu swali hadi kosa la kipimo.

Je, nani kati ya wawili hao ataandikiwa kwamba amezidi matarajio? Ikiwa kigezo kinatazama kifaa na mwonekano wa kazi, jibu liko wazi, na halina uhusiano wowote na bahari.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili halina uzito nje ya darasa. Lamu ni mahali ambapo vipimo vya kisayansi vimeamua riziki za watu. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Kesi hiyo ilihusu matope, mikoko, matumbawe na samaki. Juni 2019, Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira (NET) ilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na meli zinaendelea kupita katika maji yale yale. Kaunti hii ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kizazi kitakachosoma ripoti za mazingira za miaka ya 2040, na kuzitia mashaka pale zinapostahili, ndicho hiki kinachofanya miradi ya gredi ya saba leo. Kikifundishwa kwamba sayansi ni kupamba kurasa za kompyuta, hasara itakuwa ya wenyeji.

Sasa tuangalie hali ya shule zenyewe. Mpango wa serikali wa kusambaza vifaa vya kidijitali ulianza mwaka 2016, baada ya ahadi ya kampeni za 2013, na zaidi ya tabuleti milioni moja zikapelekwa katika shule za msingi, pamoja na projekta na vifaa vya walimu. Lakini tabuleti hizo zililengwa kwa watoto wa darasa la kwanza. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023 na kuwekwa ndani ya shule za msingi, ilirithi vifaa vilivyokwisha kuchakaa, na mara nyingi ikarithi majengo yasiyokuwa na maabara. Mwalimu mmoja wa sekondari msingi hujikuta akifundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Huyo ndiye tunayemtaka akadirie mradi wa kiteknolojia.

Kwa visiwa kuna mzigo wa ziada. Pale ambapo mtandao unayumba, kupakua maagizo na kupakia alama kwaweza kumtoa mwalimu darasani siku nzima, akivuka bahari kwa nauli yake. Na upande wa bara, katika msitu wa Boni, hali ilikuwa mbaya kupita kiasi. Baada ya mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2014, shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa kwa vipindi virefu, na baadhi ya watoto wa Waaweri wakahamishiwa shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone. Mfumo unaokusanya alama mwaka baada ya mwaka haumfai mtoto ambaye mwaka wake mmoja umekatika katikati. Mtihani mmoja wa mwisho, pamoja na dhuluma zake zote, angalau haukumwuliza mtahiniwa alikuwa wapi mwaka juzi.

Hapa pana ushahidi ambao wakuu wa elimu hawapendi kuuzungumzia kwa sauti. Nchi hii imekuwa na tathmini ya mradi wa kiteknolojia kwa miaka mingi. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya somo la Kompyuta ni mradi. Mtahiniwa hupewa tatizo la shirika fulani, aunde mfumo wa kuhifadhi data, auandikie maelezo, na kuikamilisha kazi hiyo kwa miezi kadhaa. Ni wazo zuri. Lakini si siri kwamba kila mwaka miradi hiyo huuzwa ikiwa imekamilika, pamoja na maelezo yake. Mwanafunzi hubadilisha jina na nambari ya mtihani, mambo yakaisha. Kama hayo yalitokea katika somo moja linalochaguliwa na wachache, tutarajie nini katika Sayansi Jumuishi inayosomwa na wote, wakati huu ambapo programu za akili mnemba zaweza kuandika ripoti nzima ya mradi kabla chai haijapoa?

Wasomaji wa makamo watakumbuka kisa kingine. Mfumo wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981 na kuanzishwa Januari 1985, nao ulinuia elimu ya vitendo. Wazazi waliambiwa wajenge karakana kwa harambee. Palipokuwa na pesa zilijengwa. Kwingineko mtoto alijifunza useremala kwa kutazama picha ya randa kitabuni, kisha katika KCPE akajibu maswali ya kuchagua A, B, C au D. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya vitendo yaliondolewa katika mtihani huo, wala hapakuwa na kilio kikubwa. Inachekesha kidogo, na inasikitisha zaidi, kwamba hayo yalitendeka hata Siyu na Matondoni, vijiji ambavyo mafundi wake walikuwa wakichonga milango na kuunda majahazi bila kuhitaji kitabu chenye picha ya randa.

Uingereza, yenye maabara na wakaguzi, nayo imehangaika. Mtihani wa GCSE ulipoanza mwaka 1988 ulizipa nafasi kubwa kazi zinazofanywa shuleni. Baadaye malalamiko kuhusu msaada wa wazazi na walimu yakazidi, kazi hizo zikawekwa chini ya uangalizi mkali, na katika mageuzi yaliyoanza kufundishwa mwaka 2016 alama za majaribio ya sayansi zikahamishiwa katika maswali ya karatasi. Nchi ikarudi kumwuliza mtoto kwa maandishi jinsi ya kutumia kipimajoto.

Sioni sababu ya Kenya kurudi huko. Mradi uachwe, tena uachwe na alama zake, kwa sababu kwa mtoto wa visiwani ndiyo nafasi ya pekee ya kuonyesha anayoyajua kuhusu pepo za kaskazi na kusi, maji ya visima yanayogeuka chumvi, au jabia zinazokusanya maji ya mvua. Kinachohitaji kubadilishwa ni kigezo na mkadiriaji.

Kigezo kwanza. KNEC iseme waziwazi kwamba kifaa cha bei hakina alama. Alama zitolewe kwa swali lililoulizwa, kwa jinsi kipimo kilivyofanywa na kurudiwa, kwa daftari la kila siku lenye tarehe na makosa yake, na kwa hoja iliyofuata. Matumizi ya teknolojia yahesabiwe pale tu yanapomwezesha mtoto kupima au kukokotoa jambo ambalo asingeliweza bila hiyo. Kwa kigezo hicho, simu moja ya mwalimu inayonasa picha za mti wa vipimo kila siku ni teknolojia ya kutosha. Lamu yenyewe ina kituo cha kupimia kimo cha bahari kilichoko huko tangu miaka ya 1990. Darasa laweza kulinganisha tarakimu zake na za kituo hicho, na hapo mtandao utakuwa umefanya kazi ya maana.

Pili ni mkadiriaji, na hapa hatuhitaji kubuni jipya. Katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi (KSEF), ambayo wengi wetu tuliyajua kama Kongamano la Sayansi, mwanafunzi husimama kando ya kazi yake, akahojiwa na majaji wasiomfundisha. Maandishi yana alama zake, maelezo ya mdomo yana zake, na fikra za kisayansi zina zake. Sisi tunaohariri maandishi ya wengine twajua nguvu ya njia hiyo. Makala iliyoandikwa na mtu mwingine hujulikana kwa swali moja la simu. Mtoto aliyenunuliwa mradi hawezi kueleza kwa nini kipimo cha siku ya tisa kilitofautiana na vingine, na yule aliyeufanya hawezi kunyamaza.

Mtindo huo ulikusudiwa mashindano, kwa hivyo huwafikia wachache tu wanaochaguliwa. Kuupeleka kwa kila mwanafunzi ni kazi kubwa, lakini si lazima wote wahojiwe. Walimu wa sayansi wa shule jirani wakibadilishana, wa Kizingitini akaenda Siyu na wa Siyu akaenda Ndau, wakawahoji wanafunzi kadhaa waliochaguliwa kwa kura na kulinganisha alama walizozikuta, itatosha kumfanya kila mkadiriaji awe mwangalifu. Kwa watoto waliopoteza muhula kwa sababu ya usalama, pawe na utaratibu wa maandishi wa kukamilisha mradi baadaye, badala ya kumwachia mwalimu mkuu aamue apendavyo.

Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari ya juu wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Alama za mradi zimo katika hesabu inayoamua ni nani atakayeingia na katika shule gani. Nauli ya boti kwa walimu wachache, mara moja kwa mwaka, ni kitu kidogo mno ikilinganishwa na pesa zilizonunua tabuleti tangu 2016, na anayepaswa kuitoa ni Wizara ya Elimu, si mwalimu kutoka katika mshahara wake. Wanafunzi walio gredi ya nane hivi sasa watapakiwa alama zao kabla mwaka wa masomo haujafungwa, na watakaokadiria ni walimu wao wenyewe.