Ajali ina kinga, tuache visingizio

Juzi mhandisi mmoja Mzungu, anayesimamia ujenzi wa bohari hapa mjini, alimleta katika kliniki yangu kijana fundi wa kuchomelea vyuma. Kijana alikuwa amejifunika macho kwa leso, machozi yakimtiririka, akilalamika kwamba ni kana kwamba amemwagiwa mchanga machoni. Alikuwa amechomelea kutwa nzima akiwa na miwani ya jua tu. Usiku maumivu yalipomzidi, wenzake walimtia maziwa.

Nikiwa namhudumia, mgeni huyo aliniambia: "Daktari, watu wenu hawaogopi kufa. Wanapanda ghorofani bila kofia wala mkanda, wananing'inia milangoni mwa matatu. Nikiwakanya, wanacheka."

Kusema kweli nilichukizwa. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kuna jambo moja ambalo hakukosea. Tumezoea kusema ajali haina kinga, na msemo huo umegeuka kisingizio. Maradhi ya kijana yule yana kinga. Mwanga wa kuchomelea huunguza utando wa mbele wa jicho, na maumivu huanza saa kadhaa baadaye. Miwani ya jua haitoshi. Yahitajika ngao ya uso yenye kioo maalumu. Maziwa hayatibu, na yaweza kuingiza viini. Chembe ya chuma nayo ikiingia jichoni, usilisugue jicho wala usiitoe kwa kijiti cha kiberiti. Nenda hospitalini.

Hata hivyo, mgeni alikosea kudhani kwamba uzembe huu tumezaliwa nao. Huko kwao Uingereza, mwaka wa 1775 daktari Percivall Pott alieleza saratani iliyowapata wasafishaji wa mabomba ya moshi, kazi ambayo wengi waliianza wakiwa watoto wadogo. Wakaguzi wa kwanza wa viwanda, wanne tu, waliteuliwa mwaka wa 1833. Sheria yao kuu ya usalama kazini ilipitishwa mwaka wa 1974. Waingereza hawakuzaliwa waangalifu. Walibanwa na sheria.

Nasi tumewahi kubanwa tukabadilika. Mwaka wa 2004, hayati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, matatu zilitakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Abiria waliodhaniwa kuwa sugu walijifunga mikanda. Tulirudia mazoea yetu usimamizi ulipolegea.

Sheria za kazini pia tunazo. Ile ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Tunachokosa ni wa kuzifuatilia. Kibarua hulipwa kwa siku. Akidai ngao leo, kesho nafasi yake anapewa mwingine. Kicheko alichokisikia mgeni si cha ushujaa. Ni cha mtu asiye na la kufanya.

Basi nilimwuliza: "Kijana huyu amejiumiza katika kazi unayoisimamia. Je, alipewa ngao?" Akasema hilo ni jukumu la kontrakta. Kontrakta naye, bila shaka, angesema ni jukumu la fundi mwenyewe.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Kwa miaka mingi nimesafisha macho kama yale, nikaandika dawa na kumwita mgonjwa wa pili, bila kuuliza mtu aliumia wapi na kwa nini. Sasa nauliza, na jibu naliandika katika cheti chake, kwa sababu atakapodai fidia, cheti hicho ndicho shahidi wake.

Kijana yule amepona na amerudi kazini. Sijui kama amerudi na ngao. Mwajiri unayesoma haya, usingoje mkaguzi. Nunua ngao leo. Jicho haliuzwi dukani.