Moyo wa Mmoja, Ugonjwa wa Wawili



Leo tunagusa jambo ambalo katika familia zetu husemwa kwa kunong'ona tu, nalo ni maisha ya ndoa pale mmoja wa wenzi anapokuwa na ugonjwa wa moyo.

Tunamfahamu mama mmoja mwenye umri wa miaka 26. Ana miaka minne katika ndoa na mtoto mmoja. Alipokuwa na mimba ya mtoto huyo alianza kukosa pumzi usiku, akawa analala ameegemea mito. Nyumbani walisema, "Ni mimba tu, itapita." Baada ya kujifungua kwa shida ndipo ilipogundulika kwamba vali moja ya moyo wake imeharibika tangu utotoni. Daktari alimwambia asibebe mimba nyingine mpaka vali hiyo itibiwe. Mama huyo alirudi nyumbani peke yake na habari hiyo nzito, kwa sababu mumewe hakwenda naye. Alipoieleza, mama mkwe alijibu, "Nyumba haijengwi kwa nguzo moja." Mume akanyamaza. Tangu siku hiyo mama yule akaacha kwenda kliniki, ili asionekane mgonjwa.

Sisi tunasema wazi: kosa kubwa katika nyumba ile lilikuwa ule unyamavu wa mume. Wenzi hawa waliahidiana mbele ya altare kuwa pamoja katika afya na katika ugonjwa. Basi daktari anapozungumza juu ya moyo wa mmoja, inafaa wote wawili wawe wamekaa mbele yake.

Tueleze kidogo ugonjwa wenyewe. Mtoto akiumwa koo kutokana na bakteria fulani, asipotibiwa vizuri, anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Homa hiyo huvimbisha viungo, lakini pia huumiza vali, yaani milango midogo ya moyo. Miaka mingi baadaye msichana huyo anaolewa akijiona mzima. Akibeba mimba, damu mwilini mwake huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo unalazimika kuisukuma yote. Mlango uliobana hauwezi kazi hiyo, na maji hujaa katika mapafu. Tena hatari haiishi siku ya kujifungua, kwani saa na siku za mwanzo baada ya uzazi ni za kuangaliwa sana. Kwa hiyo si kweli kwamba mke amerogwa, wala hakumficha mumewe ugonjwa. Hata yeye hakuujua.

Kwa baba zetu na wazee, mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila dawa. Moyo huchoka, miguu huvimba, na mtu hushtuka usiku akitafuta hewa.

Habari njema ni kwamba matibabu yapo. Zamani wagonjwa wetu wengi wa upasuaji wa moyo walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ambako vali hutengenezwa au kubadilishwa. Lakini hospitali haiwezi kufanya kazi ya mume au ya mke. Nani atakumbusha sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, ambayo huzuia homa ile isirudi? Nani atapunguza chumvi katika chungu cha familia nzima, badala ya kumpikia mgonjwa peke yake kama mgeni? Nani atamwambia, "Uzito umeongezeka kilo mbili kwa siku tatu, twende hospitali leo"? Ni yule anayelala naye chumba kimoja.

Tuje kwenye suala la uzazi, maana ndipo ndoa nyingi zinapovunjika. Wapo wanaodhani kwamba Kanisa linamlazimisha kila mke kuzaa bila kuangalia hali yake. Sivyo. Baba Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, alifundisha kwamba wenzi wanaweza kuwa na sababu nzito za kuahirisha mimba, na akazitaja hali za mwili kuwa miongoni mwake, kwa kufuata vipindi vya asili vya uzazi. Mke ambaye mimba inaweza kumwua ana sababu nzito kuliko zote. Lakini njia ya asili haifuatwi na mke peke yake. Mume anayerudi usiku na kudai haki yake bila kuuliza ni siku gani, anaweka maisha ya mkewe rehani. Wenzi wa namna hii wasibahatishe. Wamwulize daktari hatari ni kubwa kiasi gani, wafundishwe vizuri na mwalimu anayeijua njia hiyo, na wazungumze na padre wao.

Tena mama aliyewekewa vali ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu isigande. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo. Akikosa siku zake awahi kwa daktari siku hiyo hiyo. Asiache dawa kwa uamuzi wake, kwa maana damu ikiganda kwenye vali anaweza kufa.

Kuhusu tendo la ndoa, tunajua wengi huona haya kuuliza. Baba akishaugua moyo, mama huogopa hata kumgusa, na baba hudhani hapendwi tena. Kwa kawaida, mgonjwa ambaye hali yake imetulia, na anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuumwa kifua wala kukosa pumzi, anaweza kuendelea na maisha ya ndoa. Hata hivyo amwulize daktari wake kwanza. Jambo moja tunalikataza kabisa: vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kiholela. Vikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla na mtu akafa. Na ikiwa tendo lenyewe limekatazwa kwa muda, kushikana mikono na kusali pamoja kabla ya kulala hakujakatazwa.

Pia tusimgeuze mgonjwa kuwa yai. Baba aliyezoea kuamua mambo ya nyumba, akinyang'anywa kila kazi na kila neno, huingia katika huzuni kubwa. Mpeni kazi anayoiweza. Na yule anayemwuguza naye ni mtu, naye huchoka. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisiishie kuja kusali rozari na kuondoka. Wachote maji, wakae na mgonjwa ili mama aende sokoni, wachangie nauli ya kliniki.

Wapo pia wanaoambiwa katika mikutano ya maombi kwamba wamepona, watupe dawa. Ndugu zangu, sala haigombani na kidonge. Pokeeni Mpako wa Wagonjwa, ambao si kwa wanaokata roho tu, na kesho yake asubuhi mmeze dawa zenu.

Turudi kwa mama yetu. Katekista wa kigango aliposikia habari zake hakumhubiria mke, bali alimwendea mume, wakakaa chini ya mti, akamwomba jambo moja tu: aende kliniki mara moja, asikie kwa masikio yake. Alikwenda. Daktari alimchorea moyo kwenye karatasi, akamwonyesha mlango uliobana. Aliporudi alimwambia mama yake, "Mama, watoto ningependa wengi, lakini sitawapata kwa kumzika huyu." Mama yule ameanza tena sindano zake na anasubiri matibabu ya vali. Hatujui Mungu amewapangia nini, lakini sasa hasubiri peke yake.

Ewe baba, ewe mama unayesoma ukurasa huu: mwenzako ana kliniki lini? Kama hujui, mwulize leo, na siku hiyo mwende wote wawili.