Kasri la bwana tunalitunza, chumba cha babu je?

Hebu fungua simu yako uangalie picha. Kama umekulia Kiamunyi, Ngata au popote upande huu wa Nakuru, sitashangaa nikikuta humo picha yako umepozi mbele ya Kasri la Lord Egerton. Mimi ninazo kama kumi hivi. Pale kuna nyasi, kuna mawe yaliyochongwa, kuna harusi kila wikendi. Lilianza kujengwa 1938, likamalizika 1954, na mwenyewe akafariki 1958. Vyumba zaidi ya 50 kwa mwanamume mmoja asiye na mke! Mwaka 1996 lilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa, na leo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton.

Sina ubaya na kasri. Litunzwe. Swali langu ni hili: waliokuwa wakipakia mahindi, wakisukuma mikokoteni na kufagia barabara za mji huo huo miaka hiyo walikuwa wakilala wapi?

Majina ya mitaa yanakujibu. Wakubwa walikaa juu, Milimani. Wafanyakazi Waafrika wakawekwa chini, Bondeni na mitaa ya jirani kama Kivumbini na Shauri Yako. Nyumba kadhaa za enzi hizo bado zipo. Ni zile safu ndefu za vyumba vya chumba kimoja ambazo tunazipita kwa matatu bila hata kugeuza shingo.

Desemba iliyopita nilimtoa babu Kiamunyi nikamwambia anionyeshe alikofikia alipokuja mjini kutafuta kibarua, mwishoni mwa miaka ya 1950. Nilidhani atapotea. Wapi! Alienda moja kwa moja hadi kwenye mfereji wa maji, akaanza kuhesabu milango kwa fimbo. Wa tano. Walikuwa wanaume wanne chumba kimoja: Mkikuyu, Mluo, Mkamba na kijana Mluhya aliyekuwa anakoroma. Mama Mnubi wa safu ya pili ndiye aliyewauzia chai asubuhi. Babu anasema Kiswahili chake hakikutoka shuleni, alikiokota kwenye foleni ya maji ya mfereji ule, kwa sababu hakukuwa na lugha nyingine ya kugombania ndoo.

Mama anayeishi humo siku hizi akatoka kuona kelele ni ya nini. Nikamweleza, tena kwa mbwembwe, kwamba nyumba hii ni historia. Akacheka. "Kama mzee anataka kurudi, nitamwachia leo leo. Choo kimejaa."

Na yuko sawa. Ni rahisi sana mimi ninayelala kwenye flati yenye maji moto Kiamunyi kumwambia mtu mwingine akae kwenye chumba cha 1950 eti kwa ajili ya kumbukumbu. Watu wanahitaji nyumba bora. Huko Bondeni tayari kuna mradi wa nyumba za bei nafuu, na gumzo la kubomoa mitaa mikuukuu ya kaunti halijaanza leo. Sitasimama mbele ya tingatinga.

Lakini si lazima tuchague kati ya kubakisha zote na kubomoa zote. Bakisha safu moja. Moja tu, na mfereji wake. Irekebishwe paa na kuta, chumba kimoja kipangwe kilivyokuwa, vitanda vinne na jiko la makaa, vingine viwe maktaba, studio, mahali pa vijana wa mtaa kufanyia kazi. New York walifanya hivyo. Pale 97 Orchard Street kuna jengo la kupangisha la mwaka 1863 ambako familia za wahamiaji maskini zilibanana. Halikuwa kasri la mtu. Leo ni makavazi, na wageni wanalipa kuingia kuona jikoni la mshonaji nguo.

Sheria haitukatazi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa linalindwa, akishauriana na Makavazi ya Kitaifa. Si lazima jengo liwe la kifahari. Na mipango ya mji ni kazi ya kaunti, ambayo inatakiwa kusikiliza wananchi kabla ya kuamua. Tatizo ni kwamba vikao hivyo vya maoni hujaa wazee na mabroka, nasi tuko TikTok tukijisifu Nax ni jiji.

Ndiyo, ni jiji tangu Desemba 2021. Sasa fikiria mgeni akija jijini, tunampeleka wapi? Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey miaka ya 1930, akaone mabao yaliyochongwa kwenye mwamba. Halafu kasri. Atarudi kwao akidhani Nakuru ilikaliwa na watu wa kale, kisha Mwingereza mmoja mpweke, kisha sisi na flati zetu. Wale wanne wa chumba cha tano hawamo.

Kwa hivyo tangazo la kikao kuhusu mitaa hiyo likitoka, nenda. Hata ukiongea dakika mbili. Na kabla ya hapo, kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kukaa Bondeni, Kaloleni au Kivumbini, mpeleke akuonyeshe mlango wake, umrekodi. Mimi nina dakika arobaini za babu kwenye simu. Nusu yake analalamika kuhusu nauli ya matatu, lakini iliyobaki ni majina ya majirani, mlango kwa mlango.