TB SEHEMU YA 4: Tunahesabu vidonge, milo je?

Juzi tuliongea kwa nini dawa za TB humezwa miezi 6. Mmoja wenu akauliza, "Nesi, miezi yote hiyo kwa kijidudu kimoja?" Ndiyo mpendwa, na sababu moja ni pale anapojificha.

Mwilini tuna seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza vijidudu na kuviyeyusha. Bakteria wa TB akimezwa, mara nyingi hafi. Anaizuia ile seli isimyeyushe, anakaa humo humo na kula mafuta yake. Yaani mwizi kakamatwa, kapelekwa kituoni, halafu kituo kakigeuza nyumba yake na chakula anapikiwa!

Ndiyo maana wanasayansi wanajiuliza: zaidi ya kumpiga bakteria, je, tukibadilisha jinsi seli yenyewe inavyotumia chakula, ili mlinzi apate nguvu na mwizi akose? Metformini, vile vidonge vya kisukari, ni moja ya dawa zinazochunguzwa. Lakini nisikilize vizuri: bado SI tiba ya TB. Usichukue vidonge vya bibi ukampa baba anayekohoa.

Sasa maoni yangu. Kama vita vinapiganwa ndani ya seli za mgonjwa, basi hali ya mwili wake ni sehemu ya tiba. Lakini nyumbani tunahesabu vidonge, milo hatuhesabu. Mtu anameza dawa asubuhi, anashinda na uji mtupu hadi jioni. Kliniki nako swali ni "umemeza?" Mimi nataka liwe na pacha wake: "umekula nini?"

Hili limepimwa. Huko India, jimbo la Jharkhand, wagonjwa wote wa TB kwenye utafiti mmoja walipewa chakula. Baadhi ya familia, watu wote wa nyumbani wakapewa pia. Matokeo yalitoka 2023: kwenye familia hizo, waliougua TB walipungua kwa karibu asilimia 40 kuliko kule alikopewa mgonjwa peke yake. Chakula tu, jamani!

Najua utaniambia, "Nesi, chakula chenyewe tunatoa wapi?" Ni kweli, na hapo ndipo ninapoumia. Dawa za TB ni bure, sahani siyo. Naona bajeti ya TB ya halmashauri iwe na fungu la chakula kwa familia zisizo na uwezo. Na vikundi vyetu vya akina mama, tunaochangia harusi, tunashindwa kuchangia debe la maharage?

Wakati tunasubiri, fanya haya:

1. Mgonjwa ale maharage, karanga, dagaa au yai, mboga za majani, na mafuta yetu ya alizeti. Usisubiri nyama.
2. Aombe kupimwa sukari. Mwenye kisukari yuko kwenye hatari ya TB mara 2 hadi 3 zaidi.
3. Mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi naye apelekwe kituoni hata kama hakohoi. Akikutwa hana TB, atapewa dawa za kinga.
4. Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Dozi imalizwe, hata akinenepa.

Mama, leo ukimpa mgonjwa wako vidonge, mtazame na sahani yake. Swali lako liandike hapo chini, nitalijibu nikitoka zamu.