Kengele ya wizi bila jirani ni kelele tupu

KATI ya bidhaa zinazoingia kutoka Kigoma kupitia Manyovu na Mugina, pamoja na vitenge, mabeseni na betri za sola, siku hizi utakuta viboksi vyeupe vya kengele za wizi. Ndani yake mna king'ora, mtambo mdogo wa kuwekea laini ya simu, rimoti mbili, swichi moja ya mlango na jicho moja la plastiki la kunasa mwendo. Wanunuzi wakubwa ni wafanyabiashara wa mpakani na sisi tuliorejea. Sina ugomvi na biashara hiyo. Wasiwasi wangu ni namna tunavyovinunua na tunavyovifunga, maana mtu anayeamini kwamba analindwa na kumbe halindwi, ni afadhali angebaki na kufuli lake na mbwa wake.

Tuseme ukweli kuhusu hali yetu. Mfanyabiashara wa mpakani analala na mali yake ndani. Jioni ameuza, benki imefungwa, alfajiri anawahi gari; faranga na shilingi zinalala chini ya godoro, na marobota yanalala sebuleni pamoja na watoto. Siku anayosafiri inajulikana mtaa mzima, kwa sababu ameagiziwa sukari na nusu ya mtaa. Kwa upande wa waliorejea, kati ya mwaka 2008 na 2010 tulirudi zaidi ya watu elfu hamsini kutoka Ulyankulu, Mishamo na Katumba, wengi tukaelekea Rumonge, Nyanza-Lac na Makamba, sehemu ambazo tangu 2025 ziko ndani ya mkoa wa Burunga. Wengi walikuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine. Wapo ambao hadi leo wanapakana ua kwa ua na mtu waliyesimama naye mbele ya tume ya ardhi. Nyumba ya namna hiyo ikiingiliwa usiku, nani atatoka? Swali hilo nitalirudia, lakini kwanza tuelewane kuhusu vyombo vyenyewe.

Muuzaji atakuonyesha jicho. Atapita mbele yake, taa nyekundu itawaka, king'ora kitalia, nawe utatoa pesa. Swichi ya mlango ataitupa kwenye mfuko kama nyongeza. Mimi nasema amegeuza mambo. Kwa nyumba yenye watu, swichi ya mlango ndiyo mlinzi wa kwanza, na jicho ni msaidizi wake.

Swichi hiyo ni kitu rahisi mno. Ni vipande viwili: kimoja ni sumaku, hufungwa kwenye ubao wa mlango, kingine hufungwa kwenye fremu, na ndani yake mna kichupa cha kioo chenye ndimi mbili nyembamba za chuma. Mlango ukifungwa, sumaku huzishikanisha ndimi hizo na umeme hupita. Mlango ukifunguliwa, sumaku inaondoka, ndimi zinaachana, na mtambo unajua. Kichupa hicho alikibuni Walter Ellwood wa maabara za simu za Bell, Marekani, mwaka 1936. Wazo la kengele ya umeme mlangoni ni la zamani zaidi: Augustus Russell Pope wa Massachusetts aliisajili yake mwaka 1853, na kengele yake iliendelea kulia hata mwizi akiurudisha mlango. (Neno sumaku mimi nililijua Ulyankulu, kwa Kiswahili, darasani, miaka mingi kabla ya kulijua kwa Kifaransa. Wanafunzi wangu wa leo hulijua kwa njia ya kinyume, na tunakutana katikati.)

Uzuri wa swichi hii ya waya ni kwamba umeme unapita wakati wote mlango ukiwa umefungwa. Mwizi akikata waya, ni sawa na kufungua mlango: kengele inalia. Zile zisizo na waya ni rahisi kufunga, lakini zinakula betri ndogo, na betri ikiisha swichi imekufa kimya. Aidha, vile viboksi vya bei rahisi kabisa hutuma namba ileile hewani kila siku. Mtu mwenye kifaa cha kunasa na kurudia namba hiyo anaweza kuizima kengele yako akiwa barabarani. Ukiweza kuvuta waya, vuta waya.

Sasa hapa ndipo mafundi wetu wengi wanapoharibu. Milango yetu ni ya chuma. Chuma hunyonya nguvu ya sumaku. Swichi ambayo kwenye mlango wa mbao ingefanya kazi hata sumaku ikiwa mbali kwa sentimita moja na nusu, kwenye mlango wa chuma inaweza kushindwa kwa nusu ya umbali huo. Fundi anaibandika moja kwa moja juu ya bati, kengele inalia yenyewe saa nane usiku kila upepo wa ziwa unapotikisa mlango, na baada ya wiki mwenye nyumba anaing'oa akisema ni mali feki. Wala si feki. Weka kipande cha mbao au plastiki nene kati ya sumaku na chuma, au uliza swichi iliyotengenezwa kwa milango ya chuma; ipo, na haipiti bei sana. Kabla ya hapo, kaza bawaba. Mlango unaocheza hauna swichi itakayouvumilia.

Halafu fikiria nyumba yako usiku. Sebuleni wamelala vijana wawili na shangazi aliyekuja kutibiwa. Bibi anaamka mara tatu kwenda msalani. Jicho la mwendo ukiliwasha sebuleni humo, utaamsha watu wote kabla ya mwizi hajavaa viatu. Kwa hiyo mtaalamu hupanga ulinzi wa aina mbili kwenye mtambo: wa kulala, ambapo swichi za milango na madirisha ndizo zinazolinda na jicho limezimwa, na wa kuondoka, ambapo vyote viwili vinalinda. Mitambo mingi, hata ya bei nafuu, ina kitufe cha aina zote mbili kwenye rimoti. Wauzaji wengi hawakielezi kwa sababu hawakijui.

Naomba nieleweke: sisemi jicho halina kazi. Mwizi wa kwetu mara nyingi hapiti mlangoni. Anabandua bati, au anatoboa ukuta wa matofali ya udongo kwa nondo na maji, na mlango unabaki umefungwa vizuri na sumaku yake. Hapo swichi haina habari. Ni jicho lililomo chumba cha marobota litakalomwona. Chumba kile ambacho usiku hakina mtu, stoo, duka la mbele, ndipo mahali pake, na hapo liwashwe hata mkiwa mmelala.

Jicho hilo halitoi kitu, linapokea tu. Mwili wa mtu hutoa joto lisiloonekana kwa macho, na lenzi ya plastiki hugawa chumba katika vipande kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Mtu akikatiza kutoka kidole kimoja hadi kingine, joto linabadilika na kengele inalia. Akilijia moja kwa moja, uso kwa uso, linachelewa kumwona. Kwa hiyo lifungwe kwenye kona, juu kidogo ya mita mbili, mahali ambapo mwizi lazima apite mbele yake kwa ubavu. Haliwezi kuona kupitia kioo, basi usilielekeze dirishani ukidhani litamnasa aliye nje. Litakachopata huko ni jua.

Huku kwetu ziwani lina matatizo yake. Jicho huishi kwa tofauti kati ya joto la mwili na joto la chumba. Mchana, chini ya bati, Nyanza-Lac au Rumonge, chumba kinakaribia kuwa na joto la ngozi ya mtu, na jicho linakuwa kama mtu mwenye usingizi. Milimani, Bururi, halina shida hiyo. Mjusi akitambaa juu ya lenzi, kengele italia; buibui vivyo hivyo; popo wa darini vivyo hivyo. Jiko la mkaa lililoachwa likiwaka, pazia linalopepea mbele ya dirisha lenye jua, kuku aliyesahauliwa ndani: vyote hivyo ni wezi machoni pake. Kuna majicho yanayouzwa kwa maelezo kwamba hayajali wanyama wadogo. Huwa yanamsamehe paka sakafuni. Paka akipanda juu ya marobota anakuwa mtu.

Kuhusu umeme sitasema mengi, kila mtu anajua taa huzimika lini. Mtambo usio na betri ya akiba usinunuliwe, na betri yenyewe ya volti 12 hubadilishwa baada ya miaka mitatu hadi mitano, si mpaka ife. Laini ya simu iliyomo ndani iwekewe vocha kama unavyoweka kwenye simu yako. Namba ya siri inayokuja na boksi, 1234 au 0000, ibadilishwe siku hiyo hiyo, tena fundi akiwa ameshaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako: hakuna sumaku inayomzuia mpwa mwenye rimoti.

Turudi sasa kwenye lile swali. Mtambo ukinasa mwizi, kwanza king'ora kinalia, kisha unapiga simu kwa namba ulizoziandika, moja baada ya nyingine. Karibu kila mfanyabiashara niliyemwuliza ameandika namba yake mwenyewe, kisha ya mke, kisha ya kaka aliyeko Bujumbura. Mama mmoja anayeuza vitenge yuko Kigoma, saa tisa usiku, amelala gesti, simu inamwambia nyumba yake inaibiwa. Afanye nini? Avuke ziwa? Namba ya kwanza iwe ya mtu anayeweza kufika mlangoni kwa miguu kabla mwizi hajamaliza. Mtu huyo ni jirani, na pengine ni jirani yule yule wa kesi ya shamba.

Najua hili ni gumu. Wapo wazee wanaoniambia, "Mwalimu, kengele ni kumtangazia mtu kwamba una kitu." Wapo waliorejea wanaoniambia wamenunua mashine hasa ili wasihitaji mtu. Hawa wa pili ndio wanaonitia hofu. King'ora hakimshiki mwizi. Kinachomfukuza ni kujua kwamba watu watatoka. Kule Tabora na Shinyanga, Sungusungu ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuwa na betri wala sumaku. Ilikuwa na filimbi, yowe na makubaliano kwamba asiyetoka ataulizwa kesho. Huku kwetu historia ilitufundisha kinyume. Kwa miaka mingi ya vita, kelele za usiku maana yake ilikuwa lala chini, zima taa, mfunike mtoto mdomo. Watu wa umri wangu bado miili yao inafanya hivyo kabla ya akili kuamka. Ukiwasha king'ora mtaani bila kuwaambia watu ni cha nini, usitegemee watatoka. Watalala chini ya vitanda vyao, na wana sababu.

Na kengele ikilia bure mara tano kwa sababu ya mjusi, mara ya sita hata aliyekuwa tayari kutoka atageuka upande wa pili alale. Ndiyo maana nimewachosha na habari za bawaba na vipande vya mbao. Kila kengele ya uongo inatumia subira ya jirani, na subira ya jirani uliyegombana naye ni ndogo.

Kuna upande mwingine, nao hauzungumzwi. Watu wakitoka, wanatoka na nini mikononi? Kijana akikutwa ndani ya ua usiku, na king'ora kinalia, na watu mia wamekasirika, anaweza kufa kabla hajatajwa jina. Pengine ni mwizi, pengine ni mlevi aliyekosea lango. Mwenye kununua kengele anawaita watu hao. Basi ana wajibu wa kukubaliana nao mapema kwamba atakayeshikwa atafungwa kamba, ataitiwa kiongozi wa nyumba kumi, na atapelekwa polisi akiwa mzima.

Kwa hiyo kwa atakayefunga kengele mwezi huu, namshauri aijaribu Jumamosi asubuhi, baada ya kazi za maendeleo, watu wakiwa bado wamesimama na majembe yao. Kiliacheni king'ora kilie kwa dakika moja nzima, watoto wacheke, wazee wazibe masikio. Waambie kwamba mlio huo, usiku, maana yake ni mwizi na si kitu kingine. Uliza nani atatoka kwanza, na nani atabaki na watoto. Kisha mbele yao mwombe jirani wa ua wa pili namba yake, uiandike juu ya ile ya kaka yako.